Deni la Tegwen

Nililinunua kwa pauni kumi na tano,
kabati la droo tatu, ya nne haipo,
kwenye ukumbi wa kanisa pale Machynlleth
ambako siku hizi hakuimbwi tena, huuzwa vikombe vilivyofiwa na visahani.
Mvua ilikuwa ile yetu, isiyonyesha wala kukoma.
Emlyn alilifunga kwa kamba juu ya trela ya kondoo
akaniambia, Nerys, hizi ni kuni.

Nikamwambia kuni hazina miguu ya simba.

Banda la nyuma. Barakoa. Msasa wa themanini kwanza,
kisha wa mia na ishirini, kisha kiganja.
Rangi inabanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu,
na kama kitunguu inaniliza:
nyeupe ya juzijuzi, ya mtu aliyepaka huku akihama;
chini yake kijani cha kuta za hospitali;
chini yake buluu, lo, buluu
ambayo leo hakuna duka linalojua kuichanganya;
na chini kabisa msonobari mtupu, umebunguliwa
na wadudu waliokula, wakashiba, wakaenda zao.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema.
Waje waone soko la sasa:
kidonda ndicho kinyemi.
Watu wanaongeza bei kwa kovu.
Basi mimi, wa miaka sitini na mitatu,
niliyezeekea posta nikigonga mihuri ya tarehe,
sasa nagonga tarehe za uongo.
Napaka rangi ya chaki, weupe wa maziwa yaliyoonja chai,
naiacha ikauke, halafu naiumiza.
Ukingoni, ambapo kiuno cha mpishi kingesugua.
Kandokando ya kitasa, ambapo kidole kingepapasa gizani.
Nauwaza mkono ambao haukuwapo
na kuufanyia kazi yake ya miaka hamsini
kwa alasiri moja, redio ikinong'ona.

Droo ya pili ilikwama.
Ilipokubali, nikabandua gazeti lililogandia sakafuni mwake
na chini yake penseli,
mwandiko umeinama kama mtu anayepanda mlima:

Tegwen, pauni mbili na shilingi nne. Bado.
Tegwen, shilingi kumi. Bado.
Tegwen.

Mara ya tatu hakuna kiasi.
Wala hakuna kilichokatwa kwa mstari.

Nikakaa juu ya kopo la rangi, chai ikapoa.
Alikopa nini? Unga, viatu vya mtoto, nauli ya kumkimbia mtu?
Na wewe uliyeandika,
ulikuwa ukimdai au ukijikumbusha usimdai?
Ulichoka, ulisamehe,
au mlango ulibishwa ukaisukuma droo kwa paja?
(Hilo la paja nalijua. Alama ipo. Sikuifanya mimi.)

Jumamosi wakaja wanunuzi kutoka Bristol, Jolyon na Saskia,
gari safi, viatu visivyojua tope.
Mia na sitini, bila kuvutana.
Saskia akapitisha ukucha kwenye ukingo wangu wa uongo,
akasema, ona, unahisi kabisa watu walivyoishi hapa.
Kisha akaivuta droo ya pili, akakunja pua.
Hii michoro ya penseli, unaweza kuifuta?
Tutaweka nguo za mtoto.

Tumbo lilikuwa la miezi saba, ameliegemezea kabati
pale pale palipolika kweli.

Nikasema naweza.
Msasa ulikuwa mfukoni mwa aproni; niliugusa.

Usiku nikakata karatasi ya waridi,
yale yaliyofifishwa kiwandani makusudi,
nikaitandika sakafuni mwa droo, nikailainisha kwa kitambaa
mpaka ikanyamaza.
Gundi nimetia pembe tatu.
Ya nne, iliyo karibu na mkono,
nimeiacha.